Kabla ya kufunga difyuza, uliza vumbi linapitia wapi

JUMAPILI hii nilikuwa nimekusudia kuzungumzia mambo mengine kabisa, lakini barua kutoka Zombe, Kitui Mashariki, imenilazimu kuyaweka kando. Mwenye barua ni mwanafunzi wa ufundi. Ameniomba nisilitaje jina lake, na ukisoma aya inayofuata utajua ni kwa nini.

Baba yake ana stesheni wagoni ya Kijapani, na gari hilo ndilo linaloilisha nyumba. Siku ya soko hubeba magunia ya ndengu. Siku nyingine hupeleka jamaa na wagonjwa mjini Kitui. Kijana naye ameyaona magari ya vijana wenzake wa Nairobi yakiwa na bamba lililoinuka chini ya bampa ya nyuma, lenye mapezi kama ya samaki. Ameambiwa kwamba bamba hilo huitwa difyuza na kwamba hulifanya gari lishike barabara. Ana bati, ana nyundo, ana ujuzi wa karakana na likizo imekaribia. Baba hataki kusikia. Anasema gari lake si daftari la kufanyia mazoezi. Kijana ananiomba niwe hakimu.

Mimi si hakimu wa nyumba za watu. Hata hivyo, nimeisoma barua hiyo mara mbili na nimeona kwamba baba ana hoja na mwana ana hoja. Kuna jambo la tatu ambalo halikutajwa na yeyote kati yao, nalo ndilo linaloweza kuondoa roho ya mtu. Tutalifikia. Kwanza tukijue kifaa chenyewe.

Difyuza si difu

Ukiingia katika karakana ya jua kali na kusema unataka difyuza, usishangae fundi akikuuliza kama unataka difu nzima au meno yake tu. Difu ni ile giaboksi ya ekseli inayogawa nguvu za injini kwenye magurudumu. Difyuza haina meno, haihitaji grisi na haizunguki. Ni bamba linalofungwa chini ya gari upande wa nyuma, likianzia karibu na ekseli na kupanda taratibu hadi kwenye bampa. Kazi yake yote ni kuisindikiza hewa inayotoka chini ya gari.

Kwa nini hewa isindikizwe? Wewe uliyekulia Ukambani unaijua mito ya mchanga. Mvua ikinyesha huko juu, maji yakipita mahali papana hutembea polepole. Yakifika penye majabali yaliyosongamana, hukimbia. Maji ni yaleyale, ila nafasi imepungua, na ni lazima yaende mbio ili yote yapite.

Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Gari likienda, hewa hujipenyeza katika nafasi finyu iliyo kati ya sakafu ya gari na barabara, na hapo huongeza mwendo. Mwaka 1738 mwanahisabati Daniel Bernoulli alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mwendo wa maji ukiongezeka, msukumo wake kwa kando hupungua. Kwa hivyo hewa iliyo chini ya gari husukuma kidogo kuliko iliyo juu, na gari hukandamizwa ardhini.

Wanao wanaweza kulijaribu jambo hili leo baada ya chakula cha mchana. Shika karatasi mbili zining'inie zikiwa zimeachana kidogo, kisha puliza katikati yake. Mtoto atadhani zitafukuzana. Ataona zikikaribiana.

Hewa iliyokwisha kukimbia chini ya gari lazima ipunguze mwendo bila vurugu inapotoka nyuma. Hapo ndipo difyuza inapoingia. Inaipanulia njia kidogo kidogo, kama bonde linalofunguka. Ikipanuliwa taratibu, hewa hutoka kwa utulivu na kuivuta ile iliyo nyuma yake. Bamba likiinuliwa ghafla mno, hewa huachana nalo na kuanza kuzunguka ovyo kama kimbunga cha vumbi, na faida yote hupotea.

Wakubwa wa mashindano ya Formula One waliitumia elimu hii kupata mataji. Colin Chapman na timu yake ya Lotus walitengeneza gari lililotumia hewa ya chini mwaka 1977, na mwaka uliofuata Mario Andretti akawa bingwa wa dunia kwa magari ya timu hiyo. Nguvu hiyo ilizidi hata wasimamizi wakaamuru sakafu za magari ziwe bapa kuanzia 1983. Mwaka 2009 timu ya Brawn ilikuja na difyuza yenye tabaka mbili, na Jenson Button akatwaa taji. Kwa hivyo kijana wetu hajapenda upuuzi. Kifaa hiki kina akili ndani yake.

Zombe si uwanja wa mbio

Sasa tumsikilize baba. Nguvu ya kukandamiza gari hukua kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupata sehemu moja tu kati ya tisa ya nguvu ambayo lingepata likienda kilomita 120, mwendo ambao sheria yetu hairuhusu hata kwenye barabara kuu. Katika barabara ya vumbi yenye mashimo na mifugo, ni nani mwenye akili zake timamu atakayetafuta mwendo wa difyuza?

Pili, difyuza hupenda gari lililo chini. Gari la mashindano huachana na lami kwa sentimita chache tu. Gari la Zombe linahitaji kupita juu ya mawe, matuta na mifereji iliyochimbwa na mvua. Kadiri sakafu inavyokuwa juu, ndivyo ile njia finyu ya hewa inavyokuwa si finyu tena.

Tatu ni mzigo. Gunia la ndengu lina kilo 90. Weka matatu nyuma, na watu juu yake, uone jinsi gari linavyokalia miguu ya nyuma na kuinua pua. Pembe uliyoipima kwa uangalifu karakanani haipo tena, na bamba lako ndilo litakalokuwa la kwanza kugonga zege gari linapopanda kutoka kwenye drifti.

Sisi Wakenya tulijifunza jambo hili zamani kupitia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, aliishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Magari ya mashindano hayo hayakusifika kwa kulamba ardhi. Yaliinuliwa, na chini ya injini yakafungwa bamba nene la kukinga sampu isipasuliwe na mawe. Bamba la kwanza ambalo gari la Zombe linahitaji ni hilo la mbele. Sampu ikipasuka na oili ikamwagika, injini inaweza kufa kabla hujatembea mbali, na pamoja nayo karo ya muhula.

Kwa upande wa mapato, basi, baba ameshinda. Lakini hewa ya chini ya gari ina habari nyingine.

Shimo nyuma ya gari

Stesheni wagoni ina mgongo uliokatwa wima kama ukuta. Likienda, hewa ya juu na ya kando haiwezi kupinda ghafla na kujaza nafasi iliyo nyuma ya mlango wa mizigo. Hapo hubaki kitu kama shimo, mahali ambapo msukumo wa hewa ni mdogo. Kila kilicho karibu huvutwa humo: vumbi lililotimuliwa na magurudumu, na moshi wa ekzosi.

Ndiyo sababu kioo cha nyuma cha gari la namna hii huwa chekundu kwa vumbi ilhali cha mbele ni safi. Na ndiyo sababu abiria wa kiti cha nyuma hushuka wakiwa wamepakwa rangi kama waliotoka kwenye machimbo. Vumbi halikuingia kupitia dirisha la dereva. Lilizunguka nyuma, likapata ufa, likavutwa ndani.

Mpendwa msomaji, vumbi likipata njia, moshi nao umeipata.

Moshi wa injini ya petroli una hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani huku wamefunga madirisha. Ikiingia katika damu, hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa ya uhai ilhali mtu bado anapumua. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito.

Hebu fikiria safari ya kurudi Zombe jioni. Mtoto amelala kiti cha nyuma. Nyanya anasema kichwa kinamwanga na anataka kutapika. Watu wa mbele watasema ni joto, ni njaa, ni uchovu wa safari. Dereva ambaye kioo chake kiko wazi hajisikii vibaya hata kidogo. Basi anakaza mwendo ili wafike haraka, na kwa kufanya hivyo anazidi kuwavutia moshi.

Sasa tazama bamba la kijana wetu linavyoweza kuiongeza hatari hii. Mara nyingi anayefunga difyuza hukuta bomba la moshi limepita mahali anapotaka bamba likae. Njia rahisi ni kulikata bomba liwe fupi, au kuliacha liishie juu ya bamba ili lisionekane. Hapo moshi uliozoea kutupwa nyuma ya gari unanaswa kati ya bamba na sakafu. Utatafuta pa kutokea. Ukikuta tundu la kutu, au mahali ambapo kifuniko cha mpira kimedondoka, utapanda hadi kwa waliokaa juu yake. Gari litakuwa limependeza kwa nje ilhali ndani limegeuka chumba chenye jiko.

Vumbi ni shahidi

Vumbi la Zombe ni adui wa mapafu na wa nguo za Jumapili. Katika jambo hili moja, hata hivyo, ni rafiki, kwa sababu linaonekana. Litumie kama shahidi kabla hujashika mkasi wa bati.

Lisafishe gari ndani, hasa sehemu ya mizigo, kwa kitambaa chenye maji. Funga vioo na milango yote, kisha liendeshe katika barabara ya vumbi kwa mwendo wa kawaida, bila abiria wa nyuma. Ukirudi, fungua mlango wa mizigo polepole na utazame. Mistari ya vumbi itakuonyesha lilikopenyea: kwenye kona za mlango, chini ya taa za nyuma, kwenye matundu ya waya na kando ya sakafu chini ya zulia.

Usiku ukiingia, mtu mmoja akae ndani na tochi kali, injini ikiwa imezimwa. Wewe zunguka nje ukitazama kingo za mlango na chini ya gari. Palipo na mwanga pana njia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Badilisha mpira wa mlango uliokauka na kupasuka. Rudisha vifuniko vya mpira vya sakafuni. Ondoa taa za nyuma, tazama kama mipira yake bado ni mizima, kisha zirudishe na kuzikaza. Tundu la kutu lisizibwe kwa gazeti na rangi. Likatwe na kuwekwa kiraka cha bati. Zulia na kila kinachoshika moto kitolewe kwanza, na kama tundu liko karibu na tangi la petroli, kiraka kifungwe kwa ribiti na gundi ya kuzibia badala ya kuchomelewa.

Baada ya hapo kagua ekzosi, gari likiwa nje na bomba likiwa baridi. Masizi meusi kwenye maungio ni alama ya moshi unaovuja. Mwisho wa bomba lazima upite nje ya mwili wa gari. Na usiendeshe gari mlango wa mizigo ukiwa wazi kwa sababu eti gunia au godoro halikuenea. Ule mlango ulioinuliwa huuita moshi ndani.

Haya, tufanye kazi

Kijana akishamaliza hayo, na akawa bado anataka bamba lake, mimi sitamzuia. Ufundi hujifunzwa kwa mikono. Lakini alifanye hivi.

Aanze kwa kartoni. Akate umbo, alishike chini ya gari, apunguze hapa na kuongeza pale hadi likae sawa. Kosa la kartoni halina gharama. Atie alama mahali bomba la moshi, tangi la petroli, paipu za breki na springi zilipo. Bamba lisiguse hata kimoja kati ya hivyo, na lisizibe mahali ambapo gurudumu la spea hutolewa.

Bati la paa halifai. Geji 30 tunayoezekea nyumba ina unene wa karibu theluthi moja ya milimita. Litapiga kelele, litapinda, na mwishowe litachanika. Kumbuka kwamba katika hesabu ya geji, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Bati la chuma la geji 18, lenye unene wa karibu milimita 1.2, linatosha. Aluminiamu ya milimita 2 ni nzuri zaidi kwa kuwa ni nyepesi na haili kutu kama chuma, ila mashine ya kawaida ya kuchomelea vyuma haiiwezi. Hiyo iungwe kwa ribiti na bolti.

Kuhusu pembe, asiwe mlafi. Bamba lenye urefu wa sentimita 60 liinuke kama sentimita 10 kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni pembe ya nyuzi 9 au 10, na hewa itaifuata. Akipandisha sentimita 25 ili lionekane kali, atakuwa ametengeneza ndoo ya kukusanyia vumbi.

Bati likunjwe katikati ya vyuma viwili vya pembe, vile mafundi huviita anglaini, vikiwa vimebanwa kwa jiriwa. Lipigwe kwa nyundo ya mbao au ya mpira kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kingo zote zikunjwe ziwe butu, kwa sababu kuna mtoto atakayeinama kuokota mpira chini ya gari hilo. Mapezi yawe matatu au manne, yamesimama wima na kuelekea mbele na nyuma kama mistari ya daftari. Yasishuke chini ya kiwango cha bampa.

Bomba la moshi lisikatwe. Bamba ndilo likatwe ili kulipisha bomba, na pengo la vidole vitatu hivi liachwe pande zote kwa ajili ya joto na mtikisiko. Mdomo wa bomba uchomoze nyuma kupita ukingo wa bamba na wa bampa. Matundu machache yatobolewe chini ili maji na tope yatoke.

Bamba lifungwe kwa bolti katika vyuma imara vya gari, si katika plastiki ya bampa. Kila bolti iwe na washa pana na nati isiyolegea, na kipande cha tyubu kuukuu kiwekwe katikati kupunguza mtikisiko. Baada ya safari ya kwanza kila bolti ikaguliwe, kisha kila wiki. Bamba likichomoka barabarani ni panga linaloruka, na anayefuata nyuma huenda ni mtu wa bodaboda. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka mwili wa gari na vifaa vyake viwe katika hali isiyohatarisha abiria wala watumiaji wengine wa barabara.

Mwisho, alipime gari likiwa na mzigo kamili. Apakie yale magunia matatu, kisha alale chini na kutazama. Kama bamba limekuwa ndicho kitu kilicho chini kuliko vyote nyuma ya gari, lirudi karakanani likapunguzwe. Jinsi lilivyoonekana gari likiwa tupu si hoja.

Mambo yanayoua mafundi

Naomba wazazi wasome sehemu hii hata kama wameruka nyingine zote.

Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likalishwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana ya mbao, mahali palipo sawa, magurudumu yakiwekewa vizuizi. Jiwe na tofali hupasuka bila kuaga.

Bamba lisichomelewe likiwa garini. Tangi la petroli liko huko nyuma, na cheche haisomi maandishi ya onyo. Kama lazima lichomelewe, lifanyiwe kazi mezani, mbali na gari, kisha lije kufungwa kwa bolti.

Watu wengi hukata mapipa kupata bati la bei nafuu. Pipa lililobeba petroli, dizeli au thina hubaki na mvuke hata likiwa kavu machoni. Ukiliwekea grainda au moto linaweza kulipuka kama bomu. Nunua bati, uache pipa.

Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka jioni, mfano wa malaria. Mafundi wengi huamini kwamba pakiti ya maziwa huondoa sumu hiyo. Maziwa huenda tumboni, ilhali moshi uliingia mapafuni. Dawa ni kuikwangua zinki pale panapochomelewa, kufanya kazi mahali penye upepo na kuvaa barakoa inayofaa. Miwani ya jua nayo si kinga ya macho. Fundi avae kofia ya welda yenye kioo cheusi, na watoto wasikae kutazama mwanga.

Baba na mwana

Nimerudi kwenye ugomvi wenyewe. Wakamba wamesifika tangu enzi za mababu kwa ufundi, kuanzia mikufu ya shaba iliyofumwa kwa pete ndogondogo hadi vinyago vilivyofika ng'ambo. Kijana wa Zombe anayetamani kukunja bati hajapotea njia. Aliyekosea ni yule atakayemwambia kwamba kazi yenye thamani ni ile inayoonekana kwenye bampa.

Kijana wangu, nenda kwa baba na mpango mwingine. Mwambie kwamba likizo hii utaziba vumbi lote la gari lake, utakagua ekzosi kuanzia injini hadi mdomoni, na utamtengenezea bamba la kukinga sampu, lenye nafasi ya kumwagia oili na matundu ya kupoza injini. Hizo ni kazi za bati vilevile, zenye vipimo, mikunjo na bolti. Halafu umwombe ruhusa ya difyuza. Mzee atakayesafiri hadi Kitui na kurudi bila kupiga chafya, na abiria wake wakimshukuru, ni mzee mwingine kabisa.

Nawe baba, ukiwa unasoma ukurasa huu, usiuvunje mkono unaotaka kufanya kazi. Ingia karakanani uulize maswali. Swali la kwanza liwe hili: moshi utatokea wapi?

Na wewe msomaji mwingine uliye na gari, hata kama hujawahi kusikia neno difyuza kabla ya leo, fungua mlango wa nyuma ukirejea kutoka mashambani, upitishe kidole kwenye sakafu ya mizigo. Kidole kikitoka chekundu, usiseme ni vumbi tu. Na siku yoyote abiria wa nyuma akilalamikia kichwa huku mtoto akikataa kuamka, simamisha gari, zima injini, watoe wote nje wapate hewa safi, na uwafikishe hospitalini kwa gari jingine.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.